Tangi Kubwa la Samaki na Mitambo Yake ya Kujiendesha

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na katika maziwa yote ya dunia linapitwa kwa kina na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Maji mengi kiasi hicho hayapati joto kwa siku moja wala hayachafuki kwa usiku mmoja. Humo huishi aina zaidi ya 200 za samaki wa jamaa ya perege na sato, na walio wengi kati yao hawapatikani mahali pengine popote. Samaki hao, wenye rangi na tabia za ajabu, hufugwa majumbani hata Ulaya na Marekani. Mfugaji wao hukabiliwa na swali moja gumu: uthabiti wa ziwa zima utapatikanaje katika sanduku la kioo lililowekwa sebuleni?

Jibu la siku hizi ni mitambo ya kujiendesha: vihisio vinavyopima hali ya maji, kompyuta ndogo inayolinganisha vipimo na kiwango kilichowekwa, na swichi zinazowasha au kuzima hita, pampu na taa. Jibu hilo ni sahihi, ila halijakamilika, kwa kuwa mtambo hulinda kile tu ulichoagizwa kupima.

Na tuchukue mfano wa tangi lenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 70 na maji ya kina cha sentimita 70. Maji hayo ni lita 980, yaani karibu tani moja kabla ya kuhesabu kioo, mchanga na mawe. Kanieneo katika sakafu ya tangi hutegemea kina cha maji, wala si urefu wa tangi. Hata hivyo kani yote inayosukuma kioo cha mbele hufika niutoni 4,800, ambayo ni sawa na uzito wa mifuko kumi ya saruji, au pungufu kidogo. Kwa sababu hiyo sakafu ya nyumba hupimwa kwanza, na elektroniki hufikiriwa baadaye.

Udhibiti wa joto ndio ulio rahisi kueleweka. Kihisio ni kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri joto linavyobadilika. Kompyuta ikiona maji yamepoa hadi nyuzi 25.5 za Sentigredi huwasha hita, na yakifika nyuzi 26.5 huizima. Pengo hilo la nyuzi moja si uzembe wa fundi. Pasipo pengo, swichi ingewaka na kuzimika mara kwa mara, cheche zingeunguza ncha zake, na hatimaye ncha zingegandana. Hapo hita huwaka bila kuzimika, na kompyuta haina la kufanya. Kupandisha joto la lita 980 kwa nyuzi moja kwahitaji jouli milioni 4.1, hita ya wati 600 huzitoa kwa muda usiotimia saa mbili. Ikiganda usiku, asubuhi samaki watakutwa katika maji yaliyoongezeka joto kwa nyuzi nne au tano. Ni busara, basi, kutumia hita mbili za wati 300, kila moja na swichi yake, ili kuganda kwa moja kusitoshe kuua.

Katika miji ya pwani tatizo huwa kinyume chake, na hita huachia nafasi feni inayopuliza juu ya maji. Lita moja ikigeuka mvuke huondoka na jouli milioni 2.4 hivi, kiasi cha kupoza tangi zima kwa zaidi ya nusu ya nyuzi. Lakini maji hupungua. Boya, lifanyalo kazi kama lile la tangi la choo, huhisi upungufu na kufungulia maji mapya. Hapa ndipo mtego ulipo: mvuke huondoka na maji peke yake, na chumvi hubaki. Maji ya bomba yakiongezwa kila siku, kimo kitaonekana hakijabadilika hata kidogo huku chumvi ikizidi mwezi baada ya mwezi. Maji safi ya mvua yafaa zaidi kwa kujazia.

Adui mkubwa zaidi hana kihisio rahisi. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua. Katika maji, amonia huwa katika hali mbili: amonia yenyewe, NH3, iliyo sumu kali, na ioni ya amoniamu, NH4+, ambayo madhara yake ni madogo sana. Uwiano wa hali hizo hutegemea pH. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu iliyo sumu haifiki asilimia 1. Katika pH 9, ambayo ni karibu na hali ya Ziwa Tanganyika, hufika asilimia 36 hivi. Uchafu ambao kambale wa mtoni angeustahimili unaweza kumwua samaki wa ziwa hili.

Wanaoiondoa sumu hiyo ni viumbe wadogo waliojishika kwenye chujio. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu; kundi la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Vitabu vingi vililitaja kundi la pili kuwa ni Nitrobacter, lakini utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa hasa na Nitrospira. Viumbe hao huongezeka polepole, hivyo chujio jipya hulishwa amonia kidogo kidogo kwa majuma manne hadi sita kabla ya samaki kuingizwa. Naitreti nayo hujikusanya, na dawa yake ya kawaida ni kubadilisha sehemu ya maji.

Kihisio cha pH kipo, lakini ncha yake ya kioo hupotoka kadiri inavyozeeka, na hapana budi ipimwe mara kwa mara katika vimiminiko vyenye pH inayojulikana. Kihisio cha namna hiyo kipewe kazi ya kupiga kengele tu, kisiachiwe kumwaga kemikali.

Umeme ukikatika, pampu husimama, na viumbe wa chujio hukosa oksijeni iliyokuwa ikiletwa na maji. Pampu ndogo ya hewa yenye betri, inayojiwasha yenyewe, haina budi kuwapo. Aidha, maji huanza kurudi kwa sifoni kupitia bomba la pampu hadi tangi la chini lenye chujio. Tundu dogo hutobolewa katika bomba hilo, sentimita 3 chini ya uso wa maji, ili hewa iingie na kuikata sifoni. Kila sentimita ya kimo ni lita 14; kwa hiyo tangi la chini lazima liwe na nafasi tupu ya lita 42, pamoja na ya maji yaliyomo mabombani. Kabla samaki hawajaingizwa, umeme huzimwa makusudi, na sakafu huangaliwa.