Shahada ya Uzamili ya Isimu kwa Njia ya Mtandao: Ya Kuuliza Kabla ya Kulipa Ada

Profesa Daniel Mkude alipoiandika tasnifu yake kuhusu sintaksia ya Kiluguru, aliiwasilisha katika Chuo Kikuu cha London, mwaka 1974. Leo mwalimu wa sekondari aliyeko Mgeta au Matombo anaweza kusomea isimu bila kuacha kituo chake cha kazi. Mihadhara humfuata hadi milimani. Matangazo ya vyuo nayo humfuata huko huko, na si yote ya kweli.

Swali la kwanza lisiwe la ada bali la utambuzi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ndiyo yenye mamlaka ya kuidhinisha vyuo vikuu nchini na kutathmini tuzo zilizotolewa nje ya nchi. Kwa chuo cha ndani, hakikisha kwamba programu yenyewe ya isimu imeidhinishwa, kwani uhalali wa chuo hautoshi. Kwa chuo cha nje, kitambuliwe kwanza na mamlaka za nchi yake. Tuzo ya nje hutathminiwa mtu akishahitimu; anayegundua kasoro wakati huo, akiba yake imekwisha kwenda. Kwa hiyo iandikie Tume mapema, ukitaja chuo, programu na njia ya ufundishaji, na ulitunze jibu utakalopewa.

Upime pia muda unaoahidiwa. Kwa mfumo wa sifa za vyuo vikuu nchini, uzamili hudai angalau krediti 180, na kila krediti ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani saa 1,800. Mwalimu anayebakiwa na saa 15 kwa wiki baada ya kusahihisha madaftari atahitaji wiki 120. Tangazo la uzamili wa miezi mitatu linauza karatasi.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo mjini Morogoro. Kuwa na ofisi ya kuendea jambo likikwama ni faida ambayo wengi huithamini wakiwa wamechelewa. Popote utakapojiunga, uliza mitihani hufanyikia wapi na nani atakusimamia. Msimamizi asiyezifahamu lugha za Kibantu, hata awe bingwa katika fani nyingine, atakusaidia kidogo sana katika kuchambua ngeli za Kiluguru.

Isimu ina gharama ambazo jedwali la ada halizitaji. Anayetafiti Kiluguru au Kikami atapanda na kushuka vijiji vya Uluguru, na kila safari ni nauli, posho ya wazungumzaji na siku za likizo. Sauti ya kuchambuliwa kifonetiki haifai kurekodiwa kwa namna inayoibana. Rekodi isiyobanwa ya njia moja, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, huchukua takribani MB 318 kwa saa. Saa 20 za mazungumzo hupita GB 6. Kuzituma kwa kifurushi cha simu kutoka Kinole, penye mtandao hafifu, ni kuunguza fedha. Ni nafuu kushuka nazo mjini katika kadi ya kumbukumbu na kuzituma kutoka huko, nakala moja ikibaki nyumbani.

Kibali cha utafiti nacho kiulizwe mapema. Mwanafunzi wa chuo cha ndani huanza na barua ya chuo chake kwa uongozi wa mkoa na wilaya; wa chuo cha nje aanzie Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

Ukifika wakati wa kulipa, chuo cha umma kitakupa namba ya kumbukumbu ya malipo. Ukielekezwa kutuma ada kwa namba ya simu ya mtu binafsi, usitume. Masharti ya kurejeshewa ada yawe kwa maandishi, nayo yaeleze itakuwaje programu ikifutwa au ukiahirisha masomo kwa ugonjwa. Hifadhi stakabadhi, barua pepe na picha ya tangazo lenyewe kama lilivyokuwa siku uliyoliona, maana matangazo hubadilishwa. Hivyo ndivyo vielelezo utakavyovihitaji endapo utalazimika kuwasilisha lalamiko la udanganyifu mbele ya Tume ya Ushindani (FCC).