Pilipili ya Kipsongo Haijalogwa

Ukipanda pilipili kali Kipsongo, Kitale, siku moja na jamaa yako wa Bungoma, yeye atachuma kwanza. Usiing'oe kwa hasira! Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma kama 1,400. Baridi ya usiku huangusha maua na kuchelewesha tunda kuiva.

Huna shamba? Mkebe mkubwa watosha. Toboa matundu chini, tia udongo na samadi iliyooza (ukizidisha utavuna majani matupu). Uweke penye jua la asubuhi, maana msimu wa mvua mawingu hutanda alasiri. Jioni uingize jikoni. Mpilipili ukitunzwa huishi zaidi ya mwaka, nawe utachuma tena.