Si Kila Mzee Asahauye Amepungukiwa na Akili

Mzee mmoja tunayemfahamu, sajenti mstaafu mwenye umri wa miaka 74, alianza kusahau majina ya wajukuu wake. Usiku aliamka akidai kwamba amechelewa gwaride. Jamaa zake wakafanya kikao: wengine wakasema ni uzee, wengine wakanong'ona kwamba amerogwa, na mwanawe mkubwa akauliza ni nani atakayeshika hati ya shamba.

Hapana aliyetazama chini ya mto wake. Huko kulikuwa na klorofeniramini, vile vidonge vidogo vya manjano vya mafua na mwasho, alivyojinunulia dukani kama wafanyavyo wengi hapa Uganda. Diazepamu, aliyopewa ili apate usingizi. Na amitriptilini kwa maumivu ya mishipa ya miguu. Kila dawa ilitoka kwa mtu mwingine, wala hapana aliyejua habari za mwenzake. Sisi askari hukagua bunduki kila mara, lakini mfuko wa dawa za mzazi hatuukagui.

Ubongo hutumia kemikali iitwayo asetilikolini katika kazi ya kukumbuka na kuwa makini. Klorofeniramini na amitriptilini huizuia kemikali hiyo. Kijana akizitumia pengine atasinzia tu. Mzee, ambaye akiba yake imekwisha kupungua, aweza kuchanganyikiwa kabisa, kinywa kikamkauka na mkojo ukazuilika. Diazepamu ina hila nyingine. Huyeyuka katika mafuta, na mwili wa mzee una mafuta mengi zaidi kwa kadiri ya misuli yake, hali ini nalo limepunguza mwendo. Basi kidonge cha leo hukikuta cha jana kingali mwilini, naye mzee huamka na usingizi wa juzi. Wengi huanguka na kuvunjika nyonga.

Mwaka 1991 Daktari Mark Beers wa Marekani na wenzake walitoa orodha ya dawa zisizofaa kwa wazee waliokuwa wakitunzwa katika makao maalumu. Orodha hiyo imepanuliwa na kurekebishwa mara nyingi, hata mwaka 2023, na dawa zote tatu za mzee wetu zimo.

Kwa kawaida ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huja polepole, kwa miaka. Mzee huyu aligeuka katika majuma matatu. Binti yake mdogo ndiye aliyelitambua jambo hilo, akakusanya vidonge vyote, akaenda navyo hospitali pamoja na baba yake. Daktari alikomesha vile vya mafua, akabadilisha dawa ya miguu, na diazepamu akaipunguza kidogo kidogo, maana kuiacha ghafula baada ya kuizoea huweza kuleta degedege.

Hakurudi kama zamani kabisa. Majina ya wajukuu wawili bado humponyoka. Lakini hati ya shamba imo sandukuni mwake, na ufunguo anao mwenyewe.