Moto mmoja, sufuria moja: Mapishi ya askari katika chumba cha likizo

Na Ofisa Uhusiano wa Jeshi

Askari anapopewa hati ya likizo huhesabu siku kwanza, na fedha baadaye. Ingefaa ahesabu vyote viwili kwa pamoja. Baba, mama na watoto watatu, wakila mara tatu kwa siku kwa muda wa siku 7, wanahitaji sahani 105 za chakula. Mwenye kuzinunua sahani zote hizo hotelini huenda akarudi kambini kabla ya siku zake kwisha, au akarudi na deni la kumsumbua mwezi unaofuata. Kwa hiyo ni jambo la busara kukodi chumba kimoja chenye kona ya kupikia, na familia ikajipikia yenyewe.

Lakini chumba cha namna hiyo kina taabu yake. Moto ni mmoja, sufuria ni mbili, meza ni ndogo na jokofu hakuna. Pasipo mpango, mama wa nyumbani hukaa mbele ya sigiri tangu alfajiri mpaka usiku akipepea makaa, huku wenzake wakitazama ziwa. Likizo kama hiyo si ya familia. Ni ya baba peke yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi moto mmoja unavyoweza kulisha watu watano vizuri, kwa gharama ndogo, na kila mmoja wao akapumzika.

Tuchukue mfano wa Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda, kilomita zipatazo 8 kutoka mji wa Kabale. Ni mahali pazuri pa kupumzikia, penye visiwa 29, mitumbwi, na vilima vilivyolimwa kwa matuta mpaka kileleni. Hata hivyo, mpishi anapaswa kujua mambo mawili kuhusu mahali hapo.

Jambo la kwanza ni kwamba ziwa hilo liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,960 juu ya usawa wa bahari. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, na kwa sababu hiyo maji huchemka yakiwa na joto la karibu digrii 93, wala si 100 kama pwani. Ndiyo maana maharagwe huchelewa kuiva. Hata ukizidisha makaa, joto la maji halipandi; utamaliza makaa na maji bure. Jambo la pili ni baridi ya usiku, ambayo huweza kufikia karibu digrii 10. Baridi hiyo humshawishi mtu kuingiza moto chumbani. Hilo tutalieleza mwishoni, kwa kuwa linahusu uhai.

VYOMBO NA AKIBA

Ofisa mwema hakagui silaha siku ya vita; hukagua kabla. Vivyo hivyo, usiondoke nyumbani kwa kudhani kwamba chumba kitakuwa na kila kitu. Chukua sufuria mbili zenye vifuniko vinavyobana, kisu kikali, mwiko, birika, kopo la kupimia, kiberiti kilichofungwa ndani ya karatasi ya nailoni, na blanketi moja kuukuu. Kazi ya blanketi hilo utaiona hivi punde.

Katika vyakula, beba vile visivyohitaji jokofu: maharagwe makavu, unga wa mahindi, mchele, chumvi, majani ya chai, sukari, mafuta ya kupikia, na mukene mkavu, yaani dagaa. Usisahau karanga zilizosagwa, au ule mchanganyiko wa karanga na simsim ambao ndugu zetu wa Acholi huuita odi. Chakula hicho hukaa siku nyingi bila kuharibika, hutia nguvu mwilini, na hugeuza viazi vitupu kuwa mlo kamili. Viazi ulaya, kabichi, vitunguu na nyanya usivibebe kutoka mbali. Kabale ni nchi ya viazi, na sokoni utavipata vikiwa vibichi kutoka shambani.

MPANGO WA MOTO

Kosa kubwa la mpishi mwenye moto mmoja ni kuuwasha kila anapokumbuka jambo. Huwasha kwa ajili ya chai, akauzima; huwasha tena kwa ajili ya mboga, akauzima; na kila mara makaa mengi huteketea kabla sufuria haijapata joto. Moto uwashwe mara mbili tu kwa siku, na kila unapowaka, sufuria zipangwe foleni.

Jambo hili si geni katika historia ya majeshi. Wakati wa vita vya Crimea, mwaka 1855, mpishi mashuhuri Alexis Soyer, Mfaransa aliyekuwa akiishi London, aliwaendea askari wa Uingereza. Aliwakuta wakijipikia kila mtu na mkebe wake, kuni nyingi zikiteketea na chakula kikiwa kibaya. Soyer aliwapa jiko lililozibwa pande zote, lenye kula kuni kidogo, ambalo chungu chake kimoja kililisha wengi. Jiko hilo liliendelea kutumika katika jeshi la Uingereza kwa zaidi ya miaka 100. Somo lake ni lile lile hata kwa watu watano: moto ukusanywe mahali pamoja, na upangiwe kazi.

Hebu tupange siku moja. Saa 2 usiku, kabla ya kulala, roweka nusu kilo ya maharagwe katika maji mengi. Saa 1 asubuhi washa sigiri nje, barazani. Birika la maji ya kunywa na ya chai litangulie. Katika mwinuko kama huo yaache maji yatokote kwa dakika 3 kamili, ndipo yawe salama. Baada ya birika, kaanga mayai na uyaviringishe ndani ya chapati zilizonunuliwa njiani. Hiyo ndiyo rolex ambayo kila Mganda anaifahamu. Wakati familia inakunywa chai, mwaga maji ya kurowekea, tia maharagwe maji mapya, na uyainjike juu ya makaa yaliyokwisha kukolea. Yatokote kwa nguvu kwa dakika 30. Hapo ndipo blanketi linapoingia kazini.

JIKO LISILO NA MOTO

Chukua kikapu kikubwa au sanduku. Tandika ndani majani makavu ya migomba, au nguo kuukuu, kwa unene wa shibiri moja chini na pande zote. Epua sufuria ikiwa inatokota, na kifuniko chake kimebana, uiweke katikati mara moja, kisha uifunike kwa blanketi lililokunjwa mara nyingi. Usifunue. Joto lililomo haliwezi kutoroka, nalo litaendelea kupika bila kipande kimoja cha kaa.

Njia hii ilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya mwaka 1867, na katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia majeshi yaliitumia kufikisha chakula cha moto kwa askari waliokuwa mahandakini. Kwa hiyo askari anayebeba kikapu hicho asione haya. Anatumia kifaa cha vita.

Lakini kanuni zake zifuatwe kama amri. Sufuria iwe karibu kujaa, kwani chakula kidogo hupoa upesi. Chakula kisikae kikapuni zaidi ya saa 5, na kabla ya kuliwa kichemshwe tena. Zaidi ya hayo, maharagwe, hasa yale mekundu, kamwe yasiingizwe kikapuni kabla ya kutokota barabara. Maharagwe mabichi yana sumu ya asili. Punje nne au tano tu zaweza kumtapisha na kumharisha mtu mzima. Sumu hiyo huvunjwa na mchemko wa nguvu. Joto la vuguvugu halitoshi, na laweza hata kuizidisha. Ndiyo sababu tumesema dakika 30, na ndiyo sababu maji ya kurowekea humwagwa.

Kikapu kikifungwa saa 2 na nusu, familia nzima iko huru. Pandeni mtumbwi, zungukeni visiwa, watoto wacheze. Mtakaporudi saa 7 mchana, mtayakuta maharagwe yamelainika, au yamebakiza kidogo tu. Washeni moto wa pili, myamalizie kwa kitunguu, nyanya na chumvi, kisha msonge ugali. Kwa watu watano, kilo moja ya unga na lita 2 za maji zinatosha. Uganda tunauita ugali huo posho, jina lililotokana na mgao wa chakula waliopewa askari na vibarua zamani. Makaa yatakayobaki yachemshe maji ya kuoga.

Kwa siku ambayo hamtaki kwenda mbali, pikeni mchana mmoja tu, kisha jioni mle matunda, mkate na chai.

MILO MITATU YA SUFURIA MOJA

Mlo wa kwanza ni katogo ya ndizi na karanga. Kaanga kitunguu na nyanya, tia matoke yaliyomenywa, chumvi, na maji ya kuyafunika. Yakianza kulainika, koroga vijiko vikubwa vitano vya karanga zilizosagwa katika maji ya moto, umimine juu, na uache moto mdogo ufanye kazi kwa dakika 15. Angalia chini ya sufuria mara kwa mara, maana karanga huungua upesi.

Mlo wa pili ni viazi na mukene. Osha mukene kwa maji ya moto mara mbili ili mchanga uondoke. Kaanga pamoja na kitunguu, tia kilo 2 za viazi vilivyokatwa vidogo, nyanya na maji kikombe kimoja, ufunike. Kabichi iliyokatwa nyembamba itiwe juu dakika 5 kabla ya kuepua. Hapo mtu amepata wanga, nyama na mboga katika sahani moja.

Mlo wa tatu ni wa ziwani. Bunyonyi ina kamba wa maji matamu, wekundu, ambao asili yao si ziwa hilo bali waliletwa na binadamu. Wanunuliwe wakiwa hai, wachemshwe katika maji ya chumvi kwa dakika 10, na waliwe siku hiyo hiyo pamoja na wali.

Tahadhari moja kuhusu wali. Wali uliopikwa mchana na kuachwa chumbani mpaka usiku huota vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na mchemko wa kwanza, na sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Pasipo jokofu, pika kinacholiwa. Kilichokaa zaidi ya saa 2 bila moto kimwagwe.

MOTO USIINGIE CHUMBANI

Sasa tufike kwenye jambo la uhai. Giza likiingia, baridi ya milimani hushuka, na sigiri yenye makaa mekundu huonekana kama rafiki. Kwa kuwa haitoi moshi, mtu hudhani haina madhara. Huiingiza ndani, hufunga mlango na dirisha, akalala na watoto wake. Asubuhi majirani huvunja mlango.

Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na mwili hunyimwa pumzi huku mapafu yakiendelea kuvuta. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hapati dalili yoyote, hupitiliza. Mkisikia kichwa kikiwauma wote kwa pamoja, tokeni nje mara moja, fungueni milango, mtafute daktari. Kutoa majivu juu ya makaa hakusaidii, wala kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Sigiri ikae nje, izimwe kwa mchanga au maji, na ilale nje. Kinga ya baridi ni blanketi, soksi na chai ya moto.

Wenye jiko la mafuta ya taa wasiongeze mafuta wakati linawaka. Wenye gesi wafunge valvu ya mtungi kila wamalizapo kupika.

Neno la mwisho ni la zamu. Kambini hakuna mtu mmoja anayelinda lango siku saba mfululizo, zamu hubadilishwa. Basi na chumbani iwe hivyo. Siku moja mama apike, siku ya pili baba, siku ya tatu vijana wakubwa chini ya uangalizi. Na kama askari ni mama, bwana wake asingoje kuamriwa. Katika shule ya makadeti kila mmoja wetu alijipikia porini bila kuuliza ni kazi ya nani. Ujuzi huo haukutolewa kwa ajili ya porini tu. Likizo ni haki ya askari, na wale wanaomngoja nyumbani mwaka mzima wana fungu lao katika haki hiyo.