Miti Mitano ya Delta ya Rufiji

Msomaji aliyepata kusafiri kwa mashua kutoka Nyamisati, wilayani Kibiti, anajua ya kuwa mikoko ya delta ya Rufiji haina mwisho machoni. Ni hekta zipatazo 50,000, nyingi zikiwa tope na maji ya bamvua. Kupima urefu wa kila mti humo hakuwezekani. Kipenyo cha shina, hata hivyo, hupimika kwa urahisi. Kwa hiyo miti michache hupimwa kipenyo na urefu, kisha hutafutwa mstari unaohusisha vipimo hivyo viwili, ili urefu wa miti iliyobaki ukadiriwe kwa kipenyo peke yake. Huo ndio mstari wa mrejeo.

Tuchukue mikoko mitano, kwa tarakimu zilizobuniwa kwa ajili ya zoezi. Vipenyo ni sentimita 4, 6, 8, 10 na 12. Urefu, kwa mpangilio huohuo, ni mita 5, 6, 9, 9 na 11. Mstari ulio bora ni:

urefu = 2 + 0.75 × kipenyo

Tofauti kati ya urefu uliopimwa na ule wa mstari, kila moja ikizidishwa kwa yenyewe, hufanya jumla ya 1.5. Hakuna mstari mwingine ulionyooka utakaotoa jumla ndogo zaidi. Kama tungekisia wastani tu, yaani mita 8 kwa kila mti, jumla ingekuwa 24. Basi mstari umeeleza 22.5 katika 24, karibu asilimia 94. Wanafunzi wengi hufika hapa wakaweka kalamu chini, nao hukosea.

Asilimia hiyo yahusu miti hii mitano tu. Tukipima mingine mitano kesho, mteremko hautakuwa 0.75 tena. Tofauti hiyo ya bahati ndiyo hitilafu ya sampuli, wala si uzembe wa mpimaji. Tuikadirie. Gawanya 1.5 kwa 3 (miti mitano kutoa mbili, kwa sababu mstari una namba mbili zilizokadiriwa), upate 0.5. Gawanya tena kwa 40, ambayo ni jumla ya miraba ya tofauti za vipenyo na wastani wao. Kipeuo cha pili cha jibu ni 0.112. Kwa sampuli ndogo hivi, jedwali la t latutaka tuzidishe kwa 3.18. Hivyo, kwa uhakika wa asilimia 95, mteremko wa msitu mzima waweza kuwa popote kati ya 0.39 na 1.11!

Wauza boriti huhesabu kwa korija, yaani miti 20. Tukipima korija moja, vipenyo vikitawanyika vilevile, 0.112 hupungua hadi nusu hivi, ingawa ile asilimia 94 huenda isisogee kabisa.

Lakini korija yote ikitoka ukingoni mwa mto, ambako mikoko mara nyingi hurefuka kuliko ile ya ndani, hesabu hizi hazitatuonya. Ndiyo maana vituo vya kupimia huchaguliwa kwa kura juu ya ramani, kabla mashua haijang'oa nanga.