Askari Mwenye Kugeuza Umbo

Ndugu musomaji, wewe unayeishi karibu na mugodi, umekwisha kujiuliza vumbi unalovuta kila siku linaenda wapi? Mapafu yako yana askari. Waganga wanawaita makrofaji. Ni wadogo sana: ukipanga 50 kwa mstari, ni kama milimita moja tu.

Mwaka 1882, kule Messina katika Italia, Mrusi Élie Metchnikoff alichoma miiba midogo ndani ya vitoto vya samaki-nyota. Kesho yake akakuta seli zimekuja kuzunguka mwiba. Ni hapo alifahamu kama mwili unajilinda wenyewe. Mu 1908 akapewa zawadi ya Nobel, pamoja na Paul Ehrlich.

Lakini seli haina mikono wala kinywa. Inakamata adui namna gani? Juu ya ngozi yake kuna vipokezi, kama mbwa wa mlangoni wenye kunusa. Mikrobe ikivigusa, habari inapita ndani, toka protini moja mpaka ingine. Hapo punje za aktini zilizotawanyika zinashikana na kuwa nyuzi. Nyuzi hizo ndizo mifupa ya seli. Si kama mifupa yetu: zinajengwa na kubomolewa kwa dakika chache. Zinasukuma ngozi mbele kama mikono miwili, inazunguka adui, inafunga. Amekwisha kumezwa!

Kuna watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa Wiskott-Aldrich. Kwao protini moja yenye kupeleka habari kwa aktini imeharibika. Wanatoka damu upesi, na magonjwa hayawaachi. Askari wako, habari iko, lakini mifupa haitii.

Na vumbi la mawe? Askari anameza hata hilo. Lakini punje kali ya jiwe haiyeyuki. Inatoboa tumbo lake, anakufa, punje inabaki, na mwenzake anakuja kuimeza. Hivi pafu linajaa makovu, na kifua kikuu kinapata mlango.

Basi, tieni mawe maji mbele ya kuyatoboa na kuyaponda. Vaeni kinga nzuri ya pua na mdomo. Kitambaa kitupu hakitoshi. Mama, nguo za kazi zisikung'utwe karibu na watoto. Na wewe kijana, ukikohoa juma mbili, enda lopitalo wapime makohozi. Ukipewa dawa, uzimalize.

Mungu ametupa askari waaminifu. Tusiwapeleke mu vita wasiyoweza kushinda.