Oscar Kambona

Oscar Salathiel Kambona (1928 - 1997) alikuwa mwanasiasa wa Tanzania, Katibu Mkuu wa chama cha TANU na waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru. Alishika wizara kadhaa, zikiwemo elimu, mambo ya ndani, mambo ya nje na ulinzi, na mwishoni tawala za mikoa. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru alihesabiwa kati ya viongozi wenye nguvu zaidi nchini baada ya Julius Nyerere. Mwaka 1967 alijiuzulu na kwenda uhamishoni Uingereza, alikoishi kwa miaka 25.

Maisha ya awali

Kambona alizaliwa katika kijiji cha Kwambe, kando ya Ziwa Nyasa karibu na Mbamba Bay, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Mkoa wa Ruvuma. Baba yake, David Kambona, alikuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza wa eneo hilo kupewa upadre katika Kanisa la Anglikana. Masomo ya kwanza aliyapata nyumbani kijijini, kisha akasoma Liuli na baadaye shule ya sekondari ya Alliance mjini Dodoma. Aliendelea katika shule ya serikali ya wavulana ya Tabora. Nyerere naye alikuwa akifundisha mjini humo katika shule ya Kikatoliki ya St. Mary's, na hapo ndipo wawili hao walipofahamiana.

Baada ya masomo Kambona alirudi Dodoma kuwa mwalimu.

Katika TANU

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Kambona aliacha ualimu akajiunga na kazi ya chama, akawa mtendaji wake mkuu. Nyerere alikuwa rais wa chama na msemaji wake; Kambona alikuwa mtu wa kusafiri, kufungua matawi na kuandikisha wanachama. Kazi hiyo ilimfanya ajulikane na viongozi wa chama wa mikoani, na baadaye ikawa msingi wa nguvu zake serikalini.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda London kusomea sheria. Aliporudi alishika nafasi ya Katibu Mkuu, na aliendelea nayo hata alipokuwa waziri.

Waziri

Mwaka 1960 Tanganyika ilipopata serikali yenye mawaziri wengi waliochaguliwa, Kambona alikuwa Waziri wa Elimu. Wakati huo shule zilikuwa zimegawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Katika kipindi chake serikali iliandaa mpango wa kuziunganisha kuwa mfumo mmoja. Mwaka 1962 alihamia Wizara ya Mambo ya Ndani, na mwaka 1963 akakabidhiwa mambo ya nje pamoja na ulinzi.

Mwaka huohuo Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulianzishwa mjini Addis Ababa. Kamati yake ya Ukombozi, iliyopewa kazi ya kusaidia vyama vilivyopigania uhuru, iliwekwa Dar es Salaam na Kambona akawa mwenyekiti wake. Kwa hiyo mtu mmoja alisimamia jeshi la nchi, uhusiano wake na mataifa mengine, na misaada kwa wapigania uhuru kutoka nchi kama Msumbiji.

Maasi ya wanajeshi ya 1964

Jeshi la Tanganyika lilirithiwa kutoka kwa Waingereza, na miaka miwili baada ya uhuru maofisa wake wengi walikuwa bado Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, siku chache baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa kikosi cha kwanza katika kambi ya Colito (sasa Lugalo) waliasi. Waliwakamata maofisa wao, wakaingia mjini na kuziba njia muhimu. Walidai maofisa wa kigeni waondolewe na mshahara wa askari upandishwe kutoka shilingi 105 hadi 260 kwa mwezi.

Nyerere na makamu wake Rashidi Kawawa walifichwa. Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza na waasi. Alikubali maofisa Waingereza waondoke nchini, na mazungumzo hayo yalituliza hali katika kambi, ingawa mjini maduka yaliporwa na watu kadhaa waliuawa. Siku iliyofuata kikosi cha pili kilichokuwa Tabora nacho kiliasi.

Tarehe 25 Januari, kwa ombi la serikali, wanajeshi wa Uingereza waliokuwa katika meli ya HMS Centaur walishuka Dar es Salaam na kuwapokonya waasi silaha. Kwa nchi iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi, kuokolewa na mkoloni wa jana ilikuwa fedheha. Mwezi Februari mawaziri wa mambo ya nje na wa ulinzi wa OAU walikutana Dar es Salaam, na baadaye askari wa Nigeria walichukua nafasi ya Waingereza. Jeshi la zamani lilivunjwa na mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ).

Tukio hili limeangaliwa kwa namna mbili. Wapo wanaomsifu Kambona kwa ujasiri wa kwenda peke yake mbele ya bunduki akaiokoa serikali. Wapo pia wanaosema kuwa tangu siku hizo ilionekana wazi jinsi alivyokuwa na nguvu, na kwamba mashaka juu yake yalianzia hapo.

Kushuka madaraka

Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, tarehe 26 Aprili 1964, mambo ya ulinzi yalihamishiwa ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais, Kawawa. Kambona alibaki na mambo ya nje. Mwezi Novemba alitangaza hadharani kwamba zimepatikana barua zinazoonyesha njama za nchi za Magharibi dhidi ya Tanzania. Barua hizo baadaye zilionekana kuwa za kughushi.

Baada ya uchaguzi wa 1965 alipewa wizara ya tawala za mikoa. Haikuwa kazi ndogo: utawala wa machifu ulikuwa umefutwa mwaka 1963 kote nchini, kuanzia Ufipa hadi Kilimanjaro, na wakuu wa mikoa walikuwa pia makatibu wa TANU. Hata hivyo hakuwa tena na jeshi wala mabalozi chini yake.

Tofauti zake na Nyerere zilihusu mambo mawili. La kwanza ni mfumo wa chama kimoja, uliowekwa kikatiba mwaka 1965. La pili ni siasa ya ujamaa, iliyotangazwa katika Azimio la Arusha la Februari 1967. Katikati ya mwaka 1967 Kambona alijiuzulu, akaondoka na familia yake kwa gari hadi Nairobi, na kutoka huko akaenda London.

Uhamishoni na kurudi

Ndugu zake wawili, Otini na Mattiya, walikamatwa na kuwekwa kizuizini kwa miaka mingi. Mwaka 1970 ilifunguliwa kesi ya uhaini dhidi ya watu saba, wakiwemo Bibi Titi Mohamed na aliyekuwa waziri Michael Kamaliza. Upande wa mashtaka ulimtaja Kambona kuwa kiongozi wa njama ya kuipindua serikali, lakini alikuwa London na hakufika mahakamani. Mwenyewe alikana tuhuma hizo.

Mfumo wa vyama vingi uliporudishwa mwaka 1992, Kambona alirudi Tanzania. Serikali ilitilia shaka uraia wake. Alijishughulisha na siasa za upinzani kupitia chama cha TADEA, lakini wapiga kura wengi walikuwa wamezaliwa au kukua wakati yeye hayupo, na chama hicho kilibaki kidogo. Alifariki London mwaka 1997.